Timu B si jalala: yaliyokuwamo ndani ya bahasha ya mama kutoka Pemba

Jumamosi iliyopita, jua la alasiri likiwa bado kali, mama mmoja alinifuata pembeni ya uwanja akiwa na mwanawe wa miaka 14 na bahasha ya kaki. Walikuwa wamevuka na boti kutoka Mkoani, Pemba, hadi huku Unguja, wakalala kwa shangazi yake kijana, na sasa wanataka majaribio. "Mwalimu," akaniambia, "kila kitu kimo humu." Tukakaa kivulini, nikaanza kutoa karatasi moja moja.

Mimi ni msimamizi wa kitengo cha vijana katika klabu yetu, na bahasha za namna hii napokea kila msimu. Zinafanana. Yale niliyomwambia mama yule, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi timu B, yaani timu ya pili ya klabu, nimeona niyaandike, huenda mzazi mwengine akaokoa nauli ya boti.

Ya kwanza kutoka ilikuwa cheti cha kuzaliwa, cha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na mwaka wake unalingana na ule wa ripoti za skuli. Nilifurahi kwelikweli. Nimeshapokea kijana ambaye skuli amezaliwa 2008, timu yake ya zamani imemwandika 2010, na mama mzazi akihesabu kwa masika anapata mwaka mwengine kabisa.

Kwenye vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, mimi mwenyewe si msafi. Timu moja ya mtaani ilinichezesha Juvenile, daraja la watoto, nikiwa nishaanza kuota ndevu. Tulichukua kikombe, nikasifiwa kila barza. Miaka mitatu baadaye nikakutana na watu wazima wenye mbio na nguvu kama zangu, nikajikuta sina kitu chengine mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kuwapita watoto tu. Kijeba tunamlaumu kwa kumnyima nafasi mtoto wa haki, na ni kweli anamnyima, lakini naye anajinyima: hajifunzi kutazama kabla ya kupokea mpira, hajifunzi kupanga mguu, kwa sababu mwili unamtoa kila mahali.

Isitoshe, siku hizi cheti hakiko peke yake. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kinachotazamwa ni ncha ya mfupa karibu na kiganja. Kwa kijana anayekua, pale pana ukanda wa gegedu ambao haujawa mfupa; ukishafungana wote, picha inaonesha, hata sheha aandike barua gani. Mwaka 2018 Karume Boys, timu ya vijana ya Zanzibar, walitolewa kwenye mashindano ya CECAFA (Afrika Mashariki na Kati) ya chini ya miaka 17 kule Burundi kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa. Mwaka 2023 wadogo zao wa chini ya miaka 15 wakatwaa ubingwa wa CECAFA nchini Uganda, wakiwatoa wenyeji kwa penalti kwenye fainali.

Mama aliomba radhi kwa udogo wa mwanawe. Nikarudi kwenye cheti: kazaliwa Novemba. Mashindano ya vijana hukata umri tarehe 1 Januari, kwa hiyo mtoto wa Novemba anashindana na wa Januari wa mwaka uleule, aliyemtangulia kwa miezi kumi. Katika umri wa miaka 13 au 14 miezi kumi inaweza kuwa kichwa kizima kwa urefu. Dunia nzima akademi zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo wa mwaka, na sababu ni kwamba makocha, nami nimo, huwa tunadhani mkubwa ndiye mjuzi. Kwenye majaribio yetu nimeanza kuwavisha fulana za rangi tofauti kwa miezi ya kuzaliwa, ili jicho langu likumbushwe. Bado najikosea.

Kijana aliinuka kujinyoosha, nikaona anauweka mguu wa kulia kwa tahadhari. Nikambonyeza chini kidogo ya pia ya goti, pale penye kinundu. Akaruka. Nikamuuliza anacheza timu ngapi. Akamtazama mama yake kwanza, ndipo akajibu: ya skuli, ya mtaani, na ndondo kila likitokea. Timu tatu, siku sita kwa wiki, kwenye viwanja vigumu kama sakafu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vipaji vingi vinapofia. Mvulana anaporefuka kwa kasi, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Kano inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti huwa imekazwa kama kamba ya ngalawa, na kila shuti na kila mruko unavuta pale inaposhika mfupa wa muundi, mahali ambapo bado ni laini. Panavimba, panauma. Kwa kawaida hutulia mwenyewe kijana akimaliza kurefuka, ila lazima apunguziwe mzigo: siku chache, mashuti machache, miruko michache, kunyoosha misuli ya paja kila siku na barafu baada ya mazoezi. Asikandwe kwa nguvu juu ya kile kinundu, na asichomwe sindano ya kutuliza maumivu ili acheze fainali ya mtaa. Goti likivimba lote, au likimuuma usiku amelala, hapo aende hospitali.

Ripoti za skuli nilizipitia haraka. Hesabu nzuri, Kiingereza cha kawaida. Tunazidai kwa sababu wengi wa hawa hawatoishi kwa mpira, na sipendi kulificha hilo. Mazoezi yetu ni saa kumi za alasiri, mtoto akiwa ameshatoka skuli na chuoni, na Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe.

Halafu mama akauliza swali lililomleta. Kijana wa jirani yao alisajiliwa na klabu ya huku Unguja, ikasikika yuko timu B, na barza nzima ikasema ameshushwa. "Wangu nisije nikamleta naye akaishia huko."

Jina lenyewe linachangia. B inasikika kama alama ya mtihani. Lakini kwa kijana aliyetoka akademi, timu B ndiyo ngazi iliyobaki, na kwetu ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Tuna madaraja ya Juvenile, Junior na Central, mtoto anapanda vizuri, kisha anafika miaka 18 au 19 na mbele yake kuna ukuta: timu kubwa imesajili mtu wa miaka 27 kwenye namba yake. Anakaa benchi msimu mzima, au hata benchi hafiki. Miezi kumi bila mechi katika umri ule haifidiki.

Kwenye akademi beki akijaribu kutoka na mpira akanyang'anywa, tukafungwa, namwambia arudie. Matokeo siyatazami sana. Kwenye timu B anakutana na watu wanaozitaka zile pointi tatu, anapigwa kiwiko dakika ya pili, refa haoni, mchezo unaendelea. Hilo sina zoezi la kulifundishia.

Na vijana hawako peke yao mule. Timu kubwa ikicheza Jumamosi, waliocheza zaidi ya saa moja wanapumzishwa, na waliokaa benchi wanacheza na timu B siku inayofuata. Wanaotoka majeruhi nao wanapitia humo. Msimu uliopita beki wetu mmoja mkongwe, akirudi kutoka jeraha la nyama za paja, alicheza dakika 45 ubavuni mwa kijana wa miaka 18. Nilikuwa nimesimama karibu na mstari nikiwasikia: "Funga ndani. Ndani! Usimfuate, muachie kiungo." Maneno hayo mimi nimeyasema miaka minne. Siku ile ndiyo yaliingia.

Yako pia mambo yanayoiharibu timu B. Klabu moja niliyopata kufanya kazi ilikuwa ikiwatupa huko wachezaji waliogombana na uongozi kuhusu mishahara, na vijana wakajifunza kutoka kwao kila kitu isipokuwa mpira. Klabu nyengine haina timu hiyo kabisa. Siku ya ukaguzi wa leseni ya klabu, ambayo kwayo CAF (shirikisho la soka la Afrika) inataka klabu iwe na programu ya vijana, huazima timu ya mtaani na kuivisha jezi. Mzazi aulize: timu B inacheza mechi ngapi kwa msimu, dhidi ya nani, na kocha wa timu kubwa huja kuitazama? Akijibiwa kwa kubabaika, ameshajua.

Wenzetu nao hawajakubaliana njia. Uhispania timu B hucheza kwenye ligi za kawaida dhidi ya klabu kamili, ila haziwezi kuwa daraja moja na timu mama. Uingereza vijana wa chini ya miaka 21 wana ligi yao wenyewe kwa wenyewe, na klabu nyingi huona haitoshi, ndipo zikawakopesha vijana kwenye madaraja ya chini. Kwetu naona huo mkopo ndio unaotufaa: kijana asiyepata dakika Unguja akacheze Pemba, au kinyume chake. Uwanja wa Gombani una mashabiki wanaojua mpira kuliko wengi wanaokaa Amaan.

Kila mzazi sasa ana jina la Lamine Yamal, aliyechezea timu kubwa ya Barcelona Aprili 2023 akiwa na miaka 15. Ni kweli, lakini alikuwa ndani ya akademi yao tangu ana miaka saba, na ni mmoja. Mfano wa karibu una faida zaidi: Feisal Salum alitokea JKU kabla ya kuvuka Bara mwaka 2018, na Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM. Wote waliondoka wakiwa wameshacheza na watu wazima hapa nyumbani.

Chini kabisa ya bahasha palikuwa na karatasi ya mkono, haina muhuri. Mtu anayejiita wakala anamchukua kijana kwa miaka 10, na mama atoe shilingi milioni mbili za viza ya Ulaya.

Nilimsomea polepole. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyengine, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wenyewe wawe wamehamia huko kwa jambo lisilo la mpira. Mkataba wa kulipwa wa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Wakala haruhusiwi hata kumfuata mtoto mpaka ibaki miezi sita kufikia umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi. Kuhusu zile milioni mbili, klabu inayomtaka mchezaji haimtumi mtu kukusanya nauli kwa mama yake. Mama aliikunja ile karatasi mara nne, asiseme kitu.

Karatasi iliyokosekana ndiyo niliyoitaka mimi: ushahidi wa timu alizosajiliwa. Mchezaji akiuzwa nchi nyengine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Akiuzwa dola 1,000,000, klabu iliyokaa naye misimu minne ya miaka 12 hadi 15 inapata dola 10,000, na kuanzia msimu wa miaka 16 kila msimu ni dola 5,000. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo uhamisho wa kwenda nje unapita TFF (shirikisho la soka la Tanzania), na tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia kituo maalumu cha FIFA kinachofuata rekodi za usajili. Mzee wa timu akisema "huyu nimemlea mimi" hapati senti kwa maneno hayo.

Kwenye fomu yetu nafasi ya "klabu zilizopita" ilikuwa tupu. Nikampigia mwalimu wake wa Chake Chake. Akaniambia daftari la misimu miwili lipo, mchwa wamelila pembeni lakini majina yanasomeka. Nikamwomba apige picha kila ukurasa.

Jumatatu usiku zikaingia kwenye simu, kurasa sita. Kijana yuko ukurasa wa nne, jezi namba 11, na tarehe ya kuzaliwa ni ileile ya kwenye cheti.