Wali unaodunda si ushahidi wa mchele wa plastiki

Kwa miaka mingi video hii imezunguka WhatsApp: mtu anafinyanga tonge la wali, analibamiza mezani, linadunda. Chini imeandikwa kuwa ni mchele wa plastiki, sambaza uokoe wengine. Wanaoisambaza wanawajali watu wao, na hilo ni jema.

Ila kinachodunda ni wanga. Mchele ukiiva, wanga hunyonya maji na kunata. Ukipoa na kukandwa, tonge hunepa kama mpira. Hata mpunga ulioukoboa mwenyewe utadunda ukipikwa bokoboko.

Jaribu nyumbani. Chemsha kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya maji: punje halisi huvimba na kulainika, plastiki hainyonyi maji. Au dondoshea wali uliopoa tone la iodini ya duka la dawa. Wanga hugeuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Wali huo utupe. Kuunguza huchanganya wengi, kwani wali mkavu nao huwaka, lakini huacha mkaa. Plastiki nyingi huyeyuka na kudondoka.

Na video yenyewe: inataja duka, mji, tarehe? Piga picha ya skrini, uitafute mtandaoni kwa picha; mara nyingi utaikuta ya zamani, yenye maelezo mengine.

Mchele wa kuogopa ni ule wenye ukungu au harufu ya uvundo. Sumu ya ukungu haiondoki yote kwa kuosha wala kuchemsha.