Mashine ya saa ya mkononi: maana yake kwa anayeanza kukusanya saa

Wapenzi wa saa wanapooneshana saa mpya, mara nyingi swali la kwanza huwa ni moja: ina mashine gani? Mashine ni ule mtambo uliofichwa chini ya uso wa saa, unaozungusha mishale na kubadilisha tarehe. Huo ndio unaoamua saa itatunzwaje, itapotea majira kwa kiasi gani, na itahitaji fundi mara ngapi, mambo ambayo jina lililoandikwa usoni halitoshi kuyaeleza.

Saa nyingi zinazouzwa leo ni za kwazi. Ndani yake mna betri na kipande kidogo cha fuwele ambacho, kikipitishiwa umeme, hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huihesabu mitetemo hiyo na kuusukuma mshale wa sekunde, ambao kwa kawaida huruka hatua moja kila sekunde. Saa ya mkononi ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni ilikuwa Seiko Astron, iliyotoka Japani mwezi Desemba 1969. Kwa kushika majira, saa za kwazi za kawaida huzishinda saa za mitambo za bei kubwa mno, kwa hiyo anayeanza nazo hana sababu ya kuona haya.

Saa ya mtambo haina betri. Nguvu yake hutoka kwenye kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo, unaojikunjua polepole na kuyasukuma magurudumu. Nguvu hiyo ingeisha mara moja kama isingezuiwa na gurudumu la mizani, linalocheza huku na huku na kuuruhusu mtambo usonge kidogo kidogo. Katika mashine nyingi za kisasa huenda mapigo 28,800 kwa saa, sawa na manane kwa sekunde, na ndiyo maana mshale wa sekunde huonekana kana kwamba unateleza. Hata saa iliyopewa cheti cha kronometa cha Uswisi, yaani cha usahihi wa kushika majira, huruhusiwa, kwa wastani, kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku.

Saa ya otomatiki ni saa ya mtambo iliyoongezewa kipande kizito cha nusu duara ambacho huzunguka mkono unapotembea na kuikaza kamani. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkononi ya namna hiyo mwaka 1924. Ikivuliwa, nyingi huendelea kwa takriban saa 40 kisha husimama, na huko si kuharibika: huzungushiwa ufunguo wake, kile kitufe cha ubavuni, mara kadhaa, ikarekebishwa na kuvaliwa tena.

Hapo katika kurekebisha ndipo wengi huumiza saa zao bila kujua. Kwenye mashine nyingi, meno ya gurudumu la tarehe huanza kushikana saa kadhaa kabla ya usiku wa manane na hayaachani hadi saa kadhaa baadaye, na kulazimisha tarehe ibadilike haraka katika kipindi hicho kunaweza kuyavunja. Kwa hiyo mshale wa saa upelekwe kwanza upande wa chini wa uso, tarehe iwekwe ile ya jana, kisha mishale izungushwe mbele hadi tarehe ibadilike yenyewe.