Sijavuka mto, lakini upana ninao

"Kama hujafika ng'ambo, hapo umekadiria tu." Maneno haya nimeyasikia kwa wateja mpaka yamenichosha. Mtu anataka kupitisha bomba mtoni. Ananiona mimi mpima ardhi nimesimamisha mashine ya kusomea pembe ukingo wa huku, nimesoma pembe, nimemwandikia upana, kisha ananitazama kama mpiga ramli. "Injinia, si tumtume kijana avuke na kamba?" Mto wenyewe una mamba.

Kukadiria ni kutazama na kutaja namba. Mpima hafanyi hivyo. Anapima mstari mmoja ardhini, ule anaoweza kuufikia, halafu anapima pembe. Tuseme ng'ambo kuna mkuyu ukingoni. Nasimama mkabala nao, napiga kigingi A. Nageuza mashine nyuzi 90, napima mita 60 kufuata ukingo, napiga kigingi B. Nikiwa B nauelekea mkuyu, mashine inasoma nyuzi 58 kutoka kwenye mstari wangu. Tanjenti ya nyuzi 58, yaani upana wa mto ukiugawa kwa mstari wangu, ni 1.6003. Zidisha kwa 60: mto una upana wa mita 96. Ukishajua upande mmoja na pembe zake mbili, pembetatu haina namna ya kuwa na umbo lingine.

Anayetaka kubishana nami abishie urefu wa mstari wa msingi, ule wa A hadi B, hapo nitamsikiliza. Wapo wavivu wanaopima mita 5 kwa sababu nyasi ni ndefu. Kwa mto huohuo, pembe ya B inakuwa karibu nyuzi 87. Ukikosea nyuzi moja tu, upana unatoka ama mita 72 ama mita 145. Kwa mstari wa mita 60, kosa hilohilo linakusogeza kama mita 4. Na mashine nzuri haikosei nyuzi nzima, inasoma kwa sekunde za pembe, si za saa, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo fyeka nyasi. Mstari wako usipungue nusu ya upana unaoukisia, uupime kwenda na kurudi, kisha piga kigingi cha tatu na usome tena. Majibu yakipishana, rudia.

Bado huamini? Mlima Everest ulipimwa kwa pembe kutoka tambarare za India, kwa kuwa Nepal haikuwaruhusu wapimaji kuingia. Kimo kilichotangazwa mwaka 1856 kilikuwa kama mita 8,840. Cha mwaka 2020 ni mita 8,848.86. Kilimanjaro nayo ilipimwa kwa pembe mwaka 1952, ikapatikana mita 5,895. Mwaka 1999 watu walipanda na GPS hadi kileleni wakapata 5,892. Haya, nani alikadiria?

"Siku hizi kuna GPS, mambo ya tanjenti yamepitwa." GPS ya simu yako inayumba mita kadhaa hata mahali pa wazi, na bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, haivumilii hilo. Hata zile za wapima, zenye usahihi wa sentimita, hukwambia mahali kilipo kifaa chenyewe. Kikupe ukingo wa ng'ambo, lazima kifike ng'ambo. Tumerudi kwa mamba.

"Mmenipunja kiwanja." Hii ni ya wenye viwanja vya milimani, Mwanza hasa. Ramani huandika umbali wa mlalo, yaani kama ardhi ingekuwa tambarare. Futi kamba uliyoilaza kwenye mteremko wa nyuzi 20 ikasoma mita 50, kwenye ramani ni mita 46.98. Hizo mita tatu hazijaibwa na mtu.

"Kimo cha mnara ni umbali mara tanjenti, basi." Na kimo cha mashine je? Mafundi wanakisahau kila mara, wanaleta mnara uliopungua mita moja na nusu. Kiongeze. Pembe hukuisoma ukiwa umelala chini.