Kigoma ya reli mpya ianze na mtaro

Reli ya kisasa (SGR) kutoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, imefanya mazungumzo yote yawe ya maghala, hoteli na mzigo wa Kongo. Mzigo huo una njia nyingine za kupita, na wafanyakazi wanaoufuata wana miji mingine ya kuishi; mji unaofurika kila mvua utawakosa wote. Ndiyo maana nang'ang'ania mitaro.

Chukua hekta moja ya kilima yenye nyasi na miti. Mvua ya milimita 100 kwa saa ikinyesha, maji yanayotiririka ni kama asilimia 30, yaani lita 83 kwa sekunde. Ijaze hekta hiyohiyo mabati na nyua za saruji, yanafika asilimia 70: lita 194. Mvua haijaongezeka, ila mtaro wa zamani umeshazidiwa.

Kwenye urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, nyumba hupimwa kwanza, barabara ikajibana, mtaro ukaokota kilichobaki. Mimi naanza na korongo. Pale maji yanapopita yenyewe panawekewa alama kabla ya kiwanja chochote.

Mtaro wa mteremkoni usijengwe kama mtelezo. Uwe na ngazi za kushuka sentimita 30 hadi 50, na chini ya kila ngazi mawe makubwa yaliyoshikwa na zege, kwa sababu hapo ndipo maji huchimba. Kuta za mawe ziachiwe vitundu vya bomba. Udongo wa nyuma ukilowa bila pa kutolea maji, ukuta unasukumwa hadi unalala. Kona ya mraba ni kosa kubwa: maji hayapindi, yanaruka na kuingia kwa jirani.

Yakifika tambarare, kama kuelekea Katubuka ambako yamewahi kuzingira nyumba, kasi hushuka. Chini ya mita 0.6 kwa sekunde mchanga unatua na karavati, njia ya maji chini ya barabara, linaziba. Chimbeni shimo la kunasa mchanga kabla maji hayajafika kwenye karavati, lizolewe kabla mvua hazijaanza. Bajeti ya kuzoa ndiyo husahaulika, na hili linaniuma kuliko yote.

Ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila kujengwa. Kwa jinsi Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka hii, pimeni na kimo cha ardhi pia.

Kando ya mtaro wekeni ngazi za watu: kimo sentimita 15, pa kukanyaga 30, na pa kupumzikia kila baada ya ngazi kumi, mama anayetoka mwaloni Kibirizi apate pa kutua beseni lake la dagaa.