Kibali cha kitalu si afya ya mche: dhana potofu kuhusu ukaguzi wa vitalu Nairobi

Ukipita Barabara ya Ngong, ya Kiambu au ya Lang'ata, vitalu vimejipanga kando ya lami, na vingi vina karatasi fulani iliyobandikwa mahali. Hiyo karatasi inasema nini hasa? Mara nyingi inasema kidogo kuliko mnunuzi anavyodhani, na wakati mwingine kidogo kuliko mwenye kitalu mwenyewe anavyodhani.

"Nimelipa kaunti, kwa hiyo kitalu kimeidhinishwa."

Kibali cha Kaunti ya Jiji la Nairobi ni ruhusa ya kufanya biashara. Anayekikagua hachomoi mche kuangalia mizizi. Afya ya mimea iko mikononi mwa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea lenye makao makuu Karen, kwa sheria yake ya 2012 pamoja na Sheria ya Kulinda Mimea, Sura ya 324. Mkaguzi wake anaweza kuingia kitaluni, kuagiza matibabu au kuamuru mimea iliyoathirika iharibiwe. Miche ya matunda ina mlango mwingine pia: Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, HCD, iliyo chini ya AFA (Mamlaka ya Kilimo na Chakula), hukagua vitalu na kuchapisha orodha ya vile vilivyopita. Kabla ya kuagiza miche mia ya parachichi, itafute orodha hiyo. Jina la kitalu lisipokuwemo, muulize mwenyewe kwa nini.

Halafu kuna suala la ardhi, ambalo halitatuliwi na kibali chochote kati ya hivyo. Hifadhi ya barabara si shamba la mtu, na kanuni za mazingira zinakataza kulima ukingo wa mto kwa upana wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande. Vitalu vingi vya jijini vimekaa hapo hapo kwa sababu ya maji.

"Ukaguzi ni kutazama majani."

Majani ndiyo hudanganya zaidi. Mchungwa wenye ugonjwa wa kijani, unaoletwa na bakteria, unaweza kukaa miezi mingi bila dalili, na aina ya Afrika ya ugonjwa huo hustawi kwenye baridi ya nyanda za juu, Nairobi ikiwemo. Kidudu kinachoueneza, Trioza erytreae, huacha vijipele kwenye majani machanga, ila bakteria wenyewe huwaoni. Ndiyo maana ukaguzi wa maana huanzia kwenye mti mama: vikonyo (vijiti vya kubebesha juu ya mche mwingine) vimekatwa mti gani, mti huo unajulikana ni aina gani, na je, umefunikwa kwa wavu? Mwenye kitalu asiyeweza kuonyesha mti mama, au risiti ya mahali alikopata vikonyo, ameanguka kabla mkaguzi hajafika kwenye mifuko. Na sawa sawa, maana parachichi ya Hass isiyo Hass hugunduliwa miaka mitatu au minne baadaye, shamba likianza kuzaa.

Kutoka hapo mkaguzi hushuka kwenye udongo na maji. Adui mkubwa wa parachichi kitaluni ni kimelea Phytophthora cinnamomi, anayeozesha mizizi na kusafiri kwa maji na matope. Kokwa zilizookotwa chini ya mti humbeba. Kokwa hutolewa kwenye tunda lililochumwa mtini, na zikitiliwa shaka hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 za Selsiasi kwa dakika 30. Joto likizidi hapo, kiini hufa. Udongo wa kujazia hutandazwa kina cha sentimita 15 hadi 20, hulowanishwa, kisha hufunikwa kwa plastiki angavu wiki 4 hadi 6 ili joto la jua liue vimelea. Plastiki nyeusi haipashi udongo joto la kutosha, na kazi hii ifanywe Januari au Februari, kwani mawingu ya Juni hadi Agosti huku Nairobi huifanya iwe bure. Mifuko nayo iinuliwe juu ya kokoto au meza. Ikikaa kwenye matope, mizizi hutoboa chini na kuunyonya ugonjwa uliotoka kwa jirani. Maji ya mto unaopokea majitaka ya mtaa huharibu kazi yote hiyo kwa siku moja.

"Kitalu kikipita, kila mche wake ni salama."

Cheti kinahusu aina zilizokaguliwa, siku ile. Tatizo huja mvua za Machi zikikaribia: wateja ni wengi, miche imeisha, na mwenye kitalu hununua ya kujazia kutoka kwa mwingine asiyejulikana. Hapo kitabu cha kumbukumbu ndicho kinachosema ukweli. Kionyeshe tarehe ya kubebesha, shina la chini (mche uliobeba kikonyo), chanzo cha kikonyo na idadi. Mnunuzi naye achomoe mche mmoja kwa kila kundi: mizizi iwe myeupe, isiwe na vinundu vya minyoo fundo, wala isiwe imejizungusha chini ya mfuko.

"Migomba iliyooteshwa maabara haiugui."

Hutoka maabara ikiwa safi, basi. Kinga ya mnyauko wa bakteria haina. Panga lenye uchafu litaiambukiza kama mgomba mwingine wowote.

"Ni kijiti kimoja tu kutoka nje ya nchi, nitakibeba kwenye begi."

Kibali cha KEPHIS cha kuingiza mimea hupatikana kabla mche haujaondoka ulikotoka. Cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo hakitoshi peke yake. Lazima kitimize masharti yaliyoandikwa kwenye kibali. Udongo hauruhusiwi, na mimea mingine hupelekwa kwanza karantini Muguga. Bila karatasi hizo, kijiti huishia uwanja wa ndege.

"Waridi nimelinunua, naweza kulizalisha na kuuza."

Si kila waridi. Kenya iko ndani ya UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999, na aina iliyolindwa haizalishwi kwa biashara bila idhini ya mwenye haki.

"Anayeotesha nyanya kwenye trei hahusiki."

Anahusika kupitia mbegu. Kwangua stika ya KEPHIS kwenye pakiti, tuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 1393, usome jibu kabla ya kufungua. Pakiti tupu usiitupe: ibandike kwenye trei yake ya kwanza, uandike tarehe ya kusia, uihifadhi hadi miche iliyouzwa ianze kuzaa. Mteja akirudi na malalamiko, namba ya kundi la mbegu iko hapo.