Dume anapanda, majike hawashiki mimba

Nimechoka kuisikia sentensi moja: "Dokta, dume wangu hana shida, anapanda vizuri kabisa." Naisikia Magu, naisikia Kwimba, naisikia Misungwi. Juzi nimeisikia tena kwa mzee ninayemheshimu sana, ambaye alikuwa ameshauza mitamba yake mizuri kwa sababu kila baada ya wiki tatu inarudia joto. Nilipoweka shahawa ya dume wake kwenye hadubini, karibu kila mbegu ilikuwa na mkia uliopinda au uliokatika. Mitamba ile haikuwa na kosa lolote, na imeshachinjwa.

Kupanda kunatokana na testosteroni, homoni ya kiume, iliyo kwenye damu, pamoja na akili na mazoea ya dume mwenyewe. Mbegu zinatengenezwa ndani ya korodani, na kwa ng'ombe kazi hiyo huchukua siku 61. Zikitoka hapo zinakaa siku kumi hivi kwenye epididimisi, mrija uliojikunja juu ya korodani, zikikomaa. Hizi ni kazi mbili, na moja inaweza kuzimika huku nyingine ikiendelea. Hili tunalijua kwa uhakika kwa sababu watu wamelifanya makusudi, kwa dawa, walipokuwa wakitafuta njia ya kuzuia uzazi upande wa dume.

Mwanza hatufugi farasi, lakini farasi wametufundisha mengi katika hili. Marekani ina farasi mwitu wengi kuliko malisho yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwadunga madume testosteroni propionati inayoyeyuka polepole mwilini. Narudia: testosteroni, ile ile ambayo mfugaji akiona dume amelegea anatafuta mtu wa kumchoma aite sindano ya nguvu. Madume wale waliendelea kulinda majike yao na kuwapanda kama kawaida. Wakati wa kuzaa ulipofika, uzazi ulikuwa umepungua kwa asilimia 83.

Naomba tuelewane hapa, maana ndipo ninapobishana na watu kila siku. Pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inapima testosteroni iliyo kwenye damu. Ikikuta imejaa, inaacha kupeleka LH na FSH, yaani amri zinazoziendesha korodani. Korodani zikikosa amri zinaacha kutengeneza testosteroni yao wenyewe, na ndani ya korodani homoni hiyo inatakiwa iwe nyingi mara nyingi zaidi kuliko ile ya kwenye damu ndipo mbegu zitengenezwe. Sindano haiwezi kufikia kiwango hicho. Kwa hiyo damu ina homoni ya kutosha, dume ana hamu, shingo nene, anakoroma, anafukuza majike uwanja mzima, na kende zake zinazidi kulegea na kupungua. Shirika la Afya Duniani liliwajaribu wanaume kwa njia hiyo hiyo, likachapisha matokeo mwaka 1990: wanaume 271, miligramu 200 za testosteroni enanthati kila wiki. Wengi wao, 157, walifikia kutokuwa na mbegu hata moja, na katika miezi yote ya majaribio hayo mimba iliyoingia kwa wenza wao ilikuwa moja tu. Sindano hiyo ndiyo unayotaka nimchome dume wako ili azalishe? Sitaichoma, na ukiipata kwa mwingine nakuomba usiichome.

Zipo dawa zinazozima kazi zote mbili. Altrenojesti hupewa farasi dume ili watulie, na chanjo dhidi ya GnRH, homoni ya ubongo inayoiamuru pituitari, hufanya hivyo kwa nguvu zaidi: testosteroni inashuka, hamu inashuka, korodani zinasinyaa. Kwa madume wadogo altrenojesti imeonekana kupunguza ukubwa wa korodani na idadi ya mbegu. Walau huko mwenye farasi anaona kwa macho kwamba kuna kitu kimebadilika. Inayonitisha ni ile isiyogusa hamu, na hiyo tunayo hapa kwetu, tena tunailisha kwa debe.

Ni gosipoli, ile rangi ya njano iliyo kwenye mbegu ya pamba. Miaka ya 1950, katika jimbo la Jiangsu nchini China, ilionekana kwamba watu wa kijiji waliokuwa wakipikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba hawapati watoto. Mwaka 1972 Wachina walianza kuijaribu gosipoli kama kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume, na zaidi ya wanaume 8,000 waliitumia. Mimba ilizuia kweli. Iliachwa kwa sababu baadhi walishukiwa na potasiamu kwenye damu, na wengine mbegu zao hazikurudi hata walipoacha kidonge. Gosipoli inaharibu mitokondria zilizo kwenye sehemu ya kati ya mbegu ya kiume, pale nguvu ya kuusukuma mkia inapotoka. Testosteroni haiguswi sana. Ndiyo maana dume anayekula mashudu ya pamba kwa wingi anapanda bila kukosea hata siku moja, na majike wanarudia joto.

Kabla hujamwaga mashudu, nisikilize vizuri, kwa sababu kila ninapoeleza hili mtu mmoja anaondoka na kuwanyima hata ng'ombe wa maziwa. Usifanye hivyo. Ng'ombe jike mkubwa, mwenye tumbo la kucheua linalofanya kazi, anaivumilia gosipoli vizuri, kwani sehemu yake kubwa inafungwa na protini humo tumboni. Kiangazi huku kwetu, majani yakiisha, sijui chakula kingine cha protini kinachopatikana kirahisi kama mashudu. Wanaodhurika ni madume wa kuzalisha, ndama ambao bado hawacheui (hao gosipoli inawaua kwa moyo), nguruwe na kuku. Tena mashudu hayafanani. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ya joto yana gosipoli huru kidogo, yaani ile isiyofungwa na protini na ndiyo yenye madhara, kwa sababu joto huifunga. Mbegu nzima ya pamba, ile ambayo watu wanaiona ni bora kwa kuwa bado ina mafuta, ndiyo yenye gosipoli huru nyingi zaidi. Vitabu vinatoa viwango vya kulisha. Mimi siviegemei sana, kwa sababu mashine moja inachoma na jirani yake haichomi, na gunia haliandikwi kilichomo. Dume wa kuzalisha namwondolea kabisa, nampa mashudu ya alizeti.

Atapona? Vitabu vinasema madhara yanaondoka akiacha kula, vinafunga ukurasa. Kwa madume wengi ni kweli, ila sentensi hiyo hainiridhishi. Siku 61 na zile kumi ni muda wa chini kabisa, kama korodani zilianza kazi vizuri siku ile ile chakula kilipobadilishwa, na hazianzi hivyo. Nimeona waliochelewa sana, na simwahidi mfugaji tarehe.

Wala usiyasingizie mashudu kila kitu. Magonjwa ya brusela, trikomonasi na kampilobakta yanarudisha majike joto vilevile, na dume mwenye trikomonasi anaonekana mzima wa afya huku akiisambaza kila anapopanda. Hayo yapimwe kwanza, na maabara ipo.

Nikija kupima dume, nashika kende, napima mzunguko wake, nakamua shahawa, nahesabu mbegu zilizo nzima. Asilimia 70 ya mbegu zenye umbo zuri ndiyo mstari unaotumika sehemu nyingi, nami nautumia. Mzunguko wa sentimita 30 unaodaiwa kwa dume mchanga umetokana na ng'ombe wa Ulaya, na zebu wetu wa Usukumani, ng'ombe wa nundu, nikimhukumu kwa kipimo hicho nitawakataa madume wanaozalisha vizuri. Kwa zebu naangalia zaidi ugumu wa kende, usawa wake, na hadubini.

Akishindwa, mtenge na majike siku hiyo hiyo, badilisha chakula, andika tarehe ukutani, na tupime tena baada ya miezi miwili na nusu, kisha mara nyingine. Majike wasikae bure wakati huo. Tumia uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija bila dume: wachungulie asubuhi na jioni, aliyesimama kupandwa na wenzake asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi.