Kujijengea Maktaba Ndogo ya JavaScript: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowakwamisha wengi wanaoanza kujifunza JavaScript hapa Mwanza ni kwamba kuandika maktaba yako mwenyewe ya fanksheni ndogo ndogo ni kupoteza muda, kwa kuwa Lodash, maktaba maarufu ya fanksheni za namna hiyo, ipo tangu mwaka 2012. Ni kweli ipo, na katika kazi ya mteja ningeshauri itumike. Lakini anayejifunza hashindani nayo. Anataka kuielewa lugha mahali ambapo inatenda kinyume na alivyotarajia. Chukua uzito wa sangara watatu waliopimwa mwaloni Kirumba: kilo 9, 12 na 30. Ukiipa sort, fanksheni ya kupanga iliyomo ndani ya JavaScript, orodha hiyo bila kuieleza namna ya kulinganisha, itakurudishia 12, 30, 9, kwa sababu hugeuza kila namba kuwa maandishi na kuyalinganisha herufi kwa herufi. Tena huipanga upya orodha ileile uliyoipa, badala ya kukutengenezea nyingine. Aliyekwisha kuandika fanksheni yake ya kupanga, akalazimika kuamua kama atanakili orodha kwanza au la, halisahau jambo hili.

Dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi ni ile isemayo kwamba fanksheni ya mstari mmoja haihitaji majaribio. Mfano wangu ni saa yetu ya Kiswahili, ambayo inafaa sana kuwa fanksheni ya kwanza ya mwanafunzi. Kompyuta huhesabu saa kuanzia 0 hadi 23. Unaongeza 6, unagawanya kwa 12, unachukua baki. Saa 7 ya kompyuta inatoa 13, baki 1, yaani saa moja asubuhi, na hapo mwanafunzi huridhika. Ila saa 6 na saa 18 zinatoa baki 0, na hakuna abiria wa kivuko cha Kamanga aliyewahi kuambiwa afike saa sifuri. Baki hiyo lazima isomwe kuwa 12, na ni jaribio la saa 6 litakalokuonyesha, si la saa 7.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Mbinu ya getHours, ambayo JavaScript huitumia kukupa saa, huisoma kwa kufuata ukanda wa saa uliowekwa kwenye mashine inayoendesha programu. Kwenye kompyuta yako pale Nyegezi, iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, majibu yote ni sahihi. Kwenye seva iliyowekwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, saa moja asubuhi ya Mwanza ni saa 4 ya kompyuta, na fanksheni ileile itamwambia msomaji kuwa ni saa kumi. Mimi mwenyewe nilitafuta kosa la namna hii siku nzima ndani ya hesabu ambayo haikuwa na kosa lolote. Dawa yake ni fanksheni kupokea ukanda wa saa kama kigezo, kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam, badala ya kuukisia. Hata kuamua jioni inaishia wapi na usiku unaanzia wapi ni uamuzi unaopaswa kuandikwa katika maelezo ya matumizi, kwa kuwa wasemaji wenyewe hawakubaliani.

Wapo pia wanaodhani kwamba lazima kwanza wajue TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, na zana za kufungasha msimbo. Si lazima. Maneno export na import yamo katika lugha tangu toleo la mwaka 2015, na Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ina kiendesha majaribio chake tangu toleo la 18. Faili mbili zinatosha.

Mwisho ni dhana kwamba maktaba isiyowekwa npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, haijakamilika. Machi 2016, mwandishi wa left-pad, kifurushi cha mistari 11 kilichojaza nafasi mbele ya maandishi, alikiondoa npm, na miradi mingi iliyokitegemea, mingine bila wenyewe kujua, ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Kazi hiyohiyo ilikuja kuingizwa ndani ya lugha kwa jina la padStart. Kuchapisha, basi, ni kuwaahidi watu usiowajua kwamba hutawaondolea wanachokitegemea, na mwanafunzi hana haraka ya kutoa ahadi hiyo. Iache maktaba kwenye folda ya mradi wako. Ukijikuta unainakili kwenye mradi wa tatu, hapo ndipo uipe namba ya toleo na uanze kuandika kilichobadilika.